Punje Ngeni Kwenye Udongo wa Chungu: Zibonyeze Kabla ya Kupiga Dawa

Anayeanza kazi ya kitalu hakosi siku ya kumwaga kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche) akakuta punje nyeupe au za njano udongoni, akaamini ni mayai ya wadudu, akakimbilia bomba la dawa. Mara nyingi dawa hiyo hupigwa bure.

Kwanza tazama punje zilivyokaa kabla hujazigusa. Kilichochanganywa kwa sepetu husambaa chungu kizima; mayai hutagwa mahali pamoja, yakashikana. Jambo hili husahaulika, ilhali peke yake humaliza nusu ya kazi. Kisha vaa glavu, toa punje tano au sita, zisuuze, moja ibonyeze kwa ukucha na nyingine itie kwenye glasi ya maji.

Nyeupe, nyepesi, inayoelea na kusagika kuwa unga unaokwaruza ni perlaiti, yaani kioo cha volkano kilichochomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 hadi kikafura kama bisi. Kazi yake ni kupitisha hewa na maji. Iache. (Ukiichanganya mwenyewe, inyunyizie maji kwanza, vumbi lake si zuri kifuani.) Vipande vya dhahabu vinavyofunuka tabaka kwa tabaka ni vemikulaiti, madini yanayochanganywa udongoni kama perlaiti.

Vinavyowasumbua wageni wa kazi hii ni vidonge vya mviringo vya milimita 2 hadi 4, vya njano, kahawia au kijani. Hiyo ni mbolea inayoyeyuka polepole, iliyovikwa utando wa resini. Ikiwa mpya ni ngumu, na ukiipasua unakuta chembe kama chumvi. Ikikaa miezi, mbolea hutoka, maji huingia, ganda hubaki. Ukilibonyeza hilo linatoa maji, tap! Hapo ndipo wengi huapa kwamba ni yai. Kagua kilichobaki kidoleni: ganda la mbolea ni kikombe chembamba cha plastiki, na maji yake hayanati. Yai hutoa ute. Usishangae pia kukuta maganda matupu mapema. Miezi iliyoandikwa kwenye mfuko mara nyingi imehesabiwa kwa udongo wa nyuzi 21, na joto la Dar es Salaam au Mombasa huimaliza mbolea haraka zaidi.

Mayai ya konokono mkubwa wa Afrika yana rangi ya maziwa au njano hafifu, urefu wa karibu milimita 5, na hukaa rundo la makumi hadi mamia. Yale madogo yanayong'aa kama kioo ni ya konokono wasio na gamba. Usiyashike mikono mitupu, kwa kuwa konokono hubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo humdhuru binadamu. Yachote yote, yatie kwenye maji yanayochemka. Chumvi usiimwage chunguni, utaua mche.

Kifuko cha kahawia chenye umbo la limau dogo kimebeba watoto wa nyungunyungu, kirudishe udongoni.

Funza mnene mweupe aliyejikunja kama herufi C, mwenye miguu sita, ametoka kwenye samadi. Ni mtoto wa mbawakawa. Wengine hula mizizi ya miche, kwa hiyo mtoe, kisha chekecha samadi iliyobaki kabla ya kujaza viriba vingine.

Kosa la gharama zaidi ni kuchanganya aina mbili za vifundo vya mizizini. Kwenye maharage au kunde, kifundo kinachobanduka kwa kidole na ndani kina rangi ya waridi ni makazi ya bakteria wanaoupatia mmea naitrojeni. Kwenye nyanya au bilinganya, uvimbe usiobanduka, mzizi wenyewe ukiwa umefura, ni minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi. Mche huo haufai kupandwa shambani. Uchome pamoja na mizizi yake, udongo wake usiurudishe kwenye lundo la kuchanganyia, na sepetu ioshwe kabla ya kugusa kiriba kingine.