Sailensi ya asubuhi (injini kuunguruma bila kukanyagiwa mafuta): kwa fundi anayeanza

Mteja atakuletea gari saa nne, injini ishapata moto, akwambie: "Fundi, kila nikiwasha alfajiri inatetemeka, inataka kuzima." Utaiwasha, na itatulia kama maji mtungini. Hapo ndipo wengi hushika bisibisi na kukaza skrubu ya throtoli, ule mlango wa hewa ya injini, ili resi (mizunguko ya injini) ipande. Asubuhi gari itawaka vizuri kidogo, mchana itanguruma kwenye foleni, na mafuta yatakwisha.

Mwambie aiache ilale. Huku Njombe, Juni na Julai, usiku mmoja utakuonyesha ugonjwa ambao mchana mzima hauuoni. Asipotaka kuiacha, mfuate nyumbani kabla hajawasha.

Injini ya EFI, yaani inayopuliziwa mafuta kwa umeme, haina choki ya kuvuta. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, ndiyo inayosoma joto la maji, ikaongeza mafuta na kufungua njia ya hewa. Ndiyo maana injini ya Toyota kama 5A-FE au 1NZ-FE ikiwashwa baridi hupanda hadi mizunguko 1,200 au hata 1,500 kwa dakika, kisha hushuka taratibu kuelekea 700 inapopata moto. Dakika hizo za kwanza sensa ya oksijeni, inayopima moshi kwenye egzosi, haisemi kitu, maana inahitaji joto la nyuzi 300 hivi ndipo ifanye kazi. Boksi haina wa kuisahihisha. Inaamini ilichoambiwa na sensa ya maji. Sensa ikidanganya, mafuta yatakosewa.

Basi anza hapo. Chomeka mashine ya kupimia, washa swichi bila kupiga stata, linganisha joto la maji na la hewa inayoingia. Kwa gari iliyolala usiku kucha lazima zikaribiane. Hewa ikisoma 9 na maji 40, umeshampata mwizi. Wala usingoje taa ya cheki injini: huwaka waya ukikatika au ukipiga shoti, lakini namba ya uongo inayofanana na ukweli mara nyingi hupita kimya. Huna mashine? Chomoa sensa, ipime ukinzani kwa mita ya umeme. Kwenye Toyota hizi, nyuzi 20 hutoa kama kilo-omu 2 hadi 3, na nyuzi 80 hushuka mpaka 0.3 hivi. Sufuria ya maji ya moto inatosha kwa kipimo hicho.

Sensa ikiwa nzima, tafuta hewa ya wizi, inayoingia bila kupita njia yake. Mipira ya vakyumu iliyozeeka hukakamaa kwa baridi na kuachia, halafu injini ikipata moto inalainika na kuziba. Nyunyiza kabukilina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogo kidogo kwenye viungio na gasketi ya manifodi injini ikiwa bado ya baridi, siyo karibu na egzosi ya moto. Resi ikibadilika, ni pale. Kwenye gari yenye sensa ya kupima hewa, kama 1NZ, hewa hiyo haihesabiwi, mchanganyiko unakuwa mwepesi (hewa nyingi, mafuta kidogo) na injini inapiga misi. 5A yenye sensa ya mgandamizo wa hewa ya manifodi huipandisha resi tu, kwa hiyo usitegemee dalili zifanane.

Kusafisha throtoli na vali ya sailensi mnajua wenyewe. Ila throtoli ya umeme usiisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, na ukimaliza chomoa betri kwa muda, kisha iache injini iungurume bila AC mpaka feni iwake, boksi ijifunze upya.

Na themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa baridi! Nikikuta gari imetolewa themostati "ili isichemke", najua mwenye gari analipia petroli bila sababu. Ile hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikiondolewa, kwa baridi ya huku injini huchelewa sana kufika joto lake, wakati mwingine haifiki, na boksi inaendelea kumwaga mafuta ya asubuhi hadi saa sita. Irudishe, weka kulanti (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya bomba, toa hewa kwenye rejeta. Kama kweli ilikuwa inachemka, tatizo ni feni, rejeta au gasketi ya silinda hedi. Hiyo ni kazi nyingine, mpe bei yake.

Taiming (wakati wa plagi kupiga cheche) ya 5A yenye distribyuta iwe ya mwisho kabisa, injini ikiwa na moto kamili: unganisha kwa waya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, piga taa ya taiming, isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Toa waya ule kabla hujafunga boneti.