Kufufua Datsun 240Z nyumbani: anza na bodi, injini itakusubiri

Mkuu, umesema baba mdogo amekuachia Datsun 240Z, ile spoti ya Kijapani ya miaka ya sabini, iliyolala bandani Tanga miaka mingi, nyuma ya nyumba una nafasi ya kuiegesha, kazini unatoka jioni, na unauliza kama mtu asiye fundi anaweza kuirudisha barabarani kwa muda wake wa ziada. Anaweza. Mimi ni mhasibu, yangu nimeifufulia Kimara chini ya banda la mabati, na leo inatembea. Ila wengi waliotangulia kukujibu wamekimbilia injini, na hapo sipo nao. Kwenye gari hili injini ndiyo kazi nyepesi. Kitakachoamua kama utamaliza au utaishia kuliuza kwa watu wa chuma chakavu ni bodi.

240Z haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bati lenyewe, lilivyokunjwa na kuunganishwa, ndilo linalobeba injini, miguu (springi, shokapu na vyuma vinavyoshika matairi) na wewe mwenyewe. Kwa hiyo kutu ya kwenye mlango ni aibu tu, lakini kutu ya kwenye reli zinazopita chini ya sakafu ni hatari. Na Tanga ni pwani, chumvi haikulala miaka yote hiyo.

Chukua tochi, bisibisi ya zamani na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi. Anzia chini ya betri: tindikali iliyokuwa ikivuja inateremka moja kwa moja kwenye bati la chini yake na kuila reli. Kisha toa mikeka yote. Chini yake utakuta lami ya kiwandani ya kupunguza kelele, na hiyo ndiyo inayoficha mambo. Juu panaonekana pazima, ukipagonga kwa mpini wa bisibisi hapalii, panabonyea. Ibandue kwa joto na patasi, polepole, hata ikikuchukua wikiendi nzima, maana bila kuiona sakafu yenyewe huwezi kupanga chochote. Halafu pitisha sumaku kwenye bati lililo kati ya mlango na tairi la nyuma, sehemu ya chini. Isiposhika, hapo umepata bodifila, ile dongo ya kuziba bodi kabla ya rangi, na chini ya bodifila kuna tundu. Malizia kwenye shimo la tairi la spea na ukingo ambapo mlango wa nyuma unafungia.

Ukikuta sakafu imetoboka, usikate tamaa, sakafu inatengenezeka. Ukikuta reli zote mbili zimeoza na pale miguu ya mbele inaposhika pameoza pia, kiukweli bora uitunze kama spea na utafute bodi nyingine.

Soma pia namba iliyopigwa kwenye ukuta nyuma ya injini kabla ya kufanya lolote. Ya usukani wa kulia iliyotengenezwa kuuzwa nje ya Japani inaanza na HS30, ya usukani wa kushoto HLS30. Ilinganishe na kadi ya gari. Ikiwa haziendani, kaa na familia mlimalize hilo kwanza, kwa sababu kazi yako yote inaning'inia kwenye namba hiyo.

Sasa, kosa ninaloliona kwa watu wetu ni kulibomoa gari lote kwa wikiendi mbili za hamasa. Fundi mwenye gereji anaweza, kesho yake yupo hapo hapo. Wewe utarudi baada ya wiki mbili za mafua ya watoto na kufunga mahesabu ya mwisho wa mwezi, na hutakumbuka bolti ipi ilitoka wapi. Gari ambalo haliwezi hata kusukumwa ndilo linalogeuka banda la kuku. Mimi nilifanya upande kwa upande, matairi yakabaki chini muda wote isipokuwa nilipokuwa naigusa miguu. Bolti za kila kipande ziliingia kwenye kopo lake la Blue Band, jina nje kwa maka peni, picha ya simu kabla ya kufungua. Na kabla ya kuzima taa niliandika kwa chaki ukutani kazi inayofuata, kazi moja tu na ndogo: toa taa ya nyuma kushoto, safisha masta silinda. Mtu akitoka kazini amechoka hana akili ya kupanga, ana mikono tu.

Kuchomelea ndipo wengi mnapoogopa. Tafuta mashine ya mig, ile inayosukuma waya yenyewe, achana na ile ya fimbo, bati la gari hili ni jembamba na fimbo italitoboa. Mazoezi fanyia kwenye mabati ya gari bovu. Kwa sakafu nilitumia shiti ya milimita 1. Usivute mstari mrefu hata siku moja. Piga nukta hapa, ruka upande wa pili, piga nyingine, subiri hadi uweze kuweka kiganja, ndipo urudi. Ukiwa na haraka bati linajikunja na hutalinyoosha tena. Kama unakata chini ya mlango, chomelea kwanza vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, halafu fungua na ufunge mlango kila hatua. Mlango ukianza kugusa mahali ambapo jana haukugusa, simama, bodi inahama. Na ndoo ya maji iwe karibu kwa ajili ya cheche. Tangi la mafuta litoe kabisa lipelekwe mbali.

Kwetu huku pwani kuna jambo ambalo video za Wazungu hazikuambii. Bati ulilolipiga msasa saa tisa mchana likang'aa, ukiliacha wazi usiku, asubuhi lina rangi ya chai. Kwa hiyo usisafishe eneo kubwa kuliko unaloweza kulipaka praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Usilishike kwa mkono mtupu pia, jasho lina chumvi yake. Mimi nilikuwa nagawa kwa ukubwa wa gazeti lililofunguliwa: msasa, kufuta kwa thina, praima, nyumbani. Umeme ukikatika kompresa imezimika, kazi hiyo unaimaliza kwa brashi. Haipendezi lakini inazuia kutu. Ndani ya reli, ambako brashi haifiki, nilipuliza nta ya maji kwa bomba refu baada ya kila kitu kukauka.

Injini sasa. L24 ni silinda 6 za mstari, sentimita za ujazo 2,393, na haina siri. Usiipige starta. Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo kila tundu, iache siku chache, kisha izungushe kwa spana kwenye bolti ya pulii ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, umeshinda nusu. Uwazi wa valvu upime injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za ekzosi. Platini, zile ncha zinazokata umeme ndani ya distributa, ziachie uwazi kati ya milimita 0.45 na 0.55. Waya za plagi zifuate mpangilio wa silinda kuwaka, 1-5-3-6-2-4. Mafuta ya zamani yameshageuka gundi, kwa hiyo tangi, paipu na kabureta vyote visafishwe kabla hujajaribu kuwasha.

Kabureta ni mbili, mtindo wa SU, na mafundi wetu wengi wa leo hawajawahi kuzigusa, wamezoea injini za kompyuta. Usiruhusu mtu azifungefunge tu. Toa kile kifuniko kidogo cha juu, weka oili nyepesi, kirudishe. Ingiza kidole uinue pistoni: inatakiwa ikatae kidogo inapopanda, halafu ukiiachia ishuke yenyewe na kugonga chini, tak. Isipogonga, kuna uchafu au imepinda. Kuzilinganisha, chukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Sikiliza mfyonzo wake, hamia ya pili. Zungusha skrubu hadi ziimbe sauti moja. Ni dakika tamu kuliko zote kwenye kazi hii, nakuambia.

Umeme wake una kasoro ya kuzaliwa: moto wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani bila rilei, yaani swichi ya umeme ya kubeba moto mkubwa badala yake. Swichi zinaungua. Weka rilei mbili na fyuzi zake, kazi ya jioni moja.

Kwa waliosema ung'oe L24 uweke injini ya 2JZ ya Toyota, heshima yenu wakuu, ila hapana. Difu iliyopo nyuma ni R180, ndogo, haikutengenezwa kwa nguvu hizo, kwa hiyo utabadilisha difu, ekseli, breki, na mwisho una gari jingine lenye sura ya 240Z. Tena hii ni aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Hapa Afrika Mashariki L24 ikiwa mahali pake ina thamani ambayo injini yoyote nyingine haiwezi kuileta.

Spea: vitu vidogo, bushi, biringi, mipira ya breki, zunguka Kariakoo na Gerezani ukiwa na kile cha zamani mkononi, usitaje jina la gari, linganisha saizi. Vya injini muulize ndugu aliyeko Dubai au Muscat, kwa sababu baadhi ya Nissan Patrol 160 za petroli zilitumia L28, ndugu wa damu wa L24, na vitu vingi vinaingiliana. Raba za milango na vioo ndizo zitakazokuumiza mfuko. Ya mlango wa nyuma usiibanie, ikivuja moshi wa ekzosi unanyonywa ndani.

Rangi ya mwisho sikuipigia nyumbani. Hadina ya rangi za 2K ina isosayaneti, barakoa ya kitambaa haizuii kitu, na nyumbani kuna watoto. Praima na msasa maliza mwenyewe, hiyo ndiyo kazi kubwa, halafu lipeleke penye chumba cha rangi.

Toa mikeka wikiendi hii, ubandue lami, kisha weka hapa picha za sakafu pande zote mbili, chini ya betri, na hiyo namba ya ukutani. Nikiziona nitakuambia ununue mashine ya kuchomelea au usinunue.