Waipa, mvua ya Kericho na wakati wa kutoa gari barabarani

Kama unaendesha gari huku kwetu, iwe ni Nakuru kwenda Kericho kushuka Kisumu ama ile njia ingine ya Timboroa kwenda Eldoret, unajua mvua haipigi hodi. Unatoka Nakuru jua linawaka, ukifika Mau Summit ni ukungu, Kedowa manyunyu, Chepseon mvua imefunguka, Kericho mawe yanagonga boneti, halafu ukishuka Awasi unapata barabara kavu na vumbi hadi unajiuliza kama ni siku ile ile. Mimi nabeba bidhaa za maduka kwa hii njia na kitu naona kila msimu wa mvua ni gari safi kabisa, rimu mpya, redio ya maana, lakini waipa imechakaa inachora mistari kwa kioo na dereva ameinamisha shingo anachungulia kwa kamwanya kadogo kalikobaki. Inaniuma sana, juu hicho kitu bei yake haifiki nusu tanki ya mafuta, na mara nyingi huko nyuma amebeba watoto.

Kanuni yangu ni moja. Waipa ikiwa kwa spidi ya mwisho na bado huoni vizuri gari iliyo mbele yako, hapo hakuna tena mambo ya ujuzi, hapo ni kutoa gari barabarani. Lakini hiyo kanuni inafanya kazi tu kama waipa yenyewe ni nzima, maana ikiwa mbovu utakuwa unasimama kwa kila manyunyu, ama mbaya zaidi utazoea kuendesha bila kuona na uanze kudhani ndivyo mvua ilivyo.

Tuanze na raba basi. Watu wengi hufikiria waipa inaharibiwa na mvua, sivyo, inaharibiwa zaidi na jua. Gari ikishinda imeegeshwa nje pale Kisumu mwezi wa pili, ile raba inapikwa kwa kioo siku nzima hadi inakauka na kupasuka, kwa hivyo ata kama hujaitumia miezi mingi usiseme bado ni mpya. Inua mkono wa waipa, shika raba kwa vidole, pitisha ukucha pole pole kwa ule ukingo mwembamba unaogusa kioo. Nzima ni laini na inajikunja ikirudi, iliyokufa unasikia vimeno vimeno na vipande vinabaki kwa kidole. Kisha ujaribu na maji. Ikiacha mistari miembamba, ukingo umeisha ama kuna uchafu. Ikiacha eneo zima halijaguswa, mara nyingi fremu imepinda ama springi ya mkono imelegea haikandamizi tena. Ikiwa inaruka ruka na kupiga kelele, raba imekuwa ngumu inashindwa kugeuka upande, ama kioo kina mafuta. Mimi nabadilisha kila mwaka kabla ya mvua ndefu ya mwezi wa tatu, na gari inayolala nje muda wote ningeangalia ata kila miezi sita.

Fundi wangu pale Nakuru siku moja aliniambia, "Bosi, usinunue yote, mkono uko sawa, fremu iko sawa, hapa ni raba tu imekufa." Akachomoa ile raba, akaingiza ingine, kazi ya dakika chache. Sasa si kila waipa inakubali kubadilishwa raba peke yake, lakini uliza kwanza kabla hujauziwa kitu kizima. Na pima urefu wa pande zote mbili juu gari nyingi upande wa dereva una ndefu na wa abiria una fupi, ukifunga ndefu kote zitagongana katikati ama igonge ukingo wa kioo. Usibebe tu yenye umeambiwa "hii inaingia yote."

Kioo nacho. Hii ndio sehemu watu wanairuka na ndio inasumbua usiku. Kioo cha gari ya huku kinabeba vumbi ya moramu, moshi wa dizeli wa matrela, utomvu wa miti, nta ya kuoshea gari, yote inakaa kama ngozi nyembamba huioni mchana, ikinyesha usiku na gari ikuje na taa mbele yako kioo chote kinakuwa cheupe. Ukiwa karibu na ziwa unaongeza wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka kwa makundi, ukipita katikati yao jioni kioo kinajaa, na mtu akiwasha waipa kioo kikiwa kikavu anawapaka kioo kizima na haoni kabisa. Hapo simama uoshe kwa mkono, maji na sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa safi, suuza vizuri. Siki iliyochanganywa na maji nayo inatoa ile mafuta poa sana, na ufute ata ukingo wa raba yenyewe, utashangaa weusi unaotoka.

Usiwahi kuwasha waipa kwa kioo kikavu chenye vumbi. Vumbi ya barabara ina mchanga, raba inaukokota na kukwaruza kioo, na mikwaruzo hiyo haitoki, utakaa nayo ikimetameta kila ukikutana na taa. Mwaga maji kwanza. Na hii inamaanisha ile tanki ndogo ya maji ya kioo iwe imejaa, maji safi na sabuni ya maji kidogo tu, usitie sabuni ya unga juu inaganda na kuziba vile vitundu, vikiziba chukua sindano uzibue pole pole. Dereva wangapi hawajui ata kifuniko cha hiyo tanki kiko wapi! Angalia leo, huwa kina alama ya kioo na maji yanayoruka.

Kwa wale wanaona waipa ni urembo tu, mwaka wa 1903 kule Marekani mama mmoja wa Alabama, Mary Anderson, alipewa hataza ya waipa yenye raba inayovutwa kwa mkono kutoka ndani ya gari. Wazo lilimjia akiwa New York wakati wa baridi, ameona dereva wa tramu anafungua kioo ndio aone mbele huku theluji ikimpiga. Tangu hapo shida ilikuwa hiyo hiyo tuliyo nayo leo, mtu anaendesha chombo kizito na haoni.

Kuna ukungu wa ndani pia, na huu waipa haiusaidii kitu. Mvua ikinyesha watu wanafunga vioo vyote, watu watano wanapumua, nguo zimelowa, kioo kinafunga. Unaona dereva anapangusa na kiganja, mkono mmoja kwa usukani, na anaacha mafuta ya mkono kwa kioo kwa hivyo kinafunga tena vibaya zaidi. Elekeza hewa kwa kioo cha mbele, washa AC kama iko, juu inakausha hewa, ongeza joto kiasi, na ile swichi ya kuzungusha hewa ya ndani izime, chukua hewa ya nje. Gari haina AC? Fungua vioo viwili kidogo tu, kimoja mbele kimoja nyuma, ulowe bega kidogo kuliko ukose kuona.

Sasa barabara yenyewe. Zile dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya kuliko zote, mafuta na vumbi na raba ya matairi yamelala kwa lami wiki nyingi, yanachanganyika na maji kidogo kabla hayajaoshwa na lami inateleza ajabu. Punguza mapema, manyunyu yakianza tu. Nafasi kati yako na gari ya mbele iwe mara mbili ya ile ya siku kavu. Gari ya mbele ikipita nguzo ama kibao, hesabu sekunde nne kabla wewe hujafika hapo, ukifika mbili umekaribia sana. Matairi angalia vile vidaraja vidogo ndani ya mifereji, vimewekwa kwa kimo cha milimita 1.6, tairi ikilingana navyo imeisha, haina tena mahali pa kupitisha maji, na ukikanyaga dimbwi kwa spidi gari inapanda juu ya maji usukani unakuwa mwepesi ghafla. Hiyo ikikupata toa mguu kwa mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa hasira, ngoja tairi ishike chini tena.

Na matrela. Hii ni njia ya mizigo ya Malaba na Busia, kwa hivyo kutoka Nakuru hadi Mau Summit unatembea nayo. Ukilipita trela kwa mvua, ama ukutane na moja linashuka Sachang'wan, kuna ukuta wa maji machafu unakupiga kwa kioo na kwa sekunde mbili tatu huoni kitu. Weka waipa kwa spidi ya juu KABLA hujafika kwa hayo magurudumu, usingoje upigwe ndio uanze kutafuta swichi. Na kama huoni mbali usipite kabisa, kaa nyuma, wewe na hiyo trela mtafika tu. Ukishuka Sachang'wan kuelekea Salgaa weka gia ndogo enjini ishike gari, ule mteremko ni mrefu na hutaki kutegemea breki peke yake na barabara imelowa.

Kwa ukungu wa Timboroa na Mau Summit weka taa za dimu. Taa kubwa zinagonga ukungu na kukurudia machoni, unaona kidogo kuliko mwanzo. Hazadi nazo, zile indiketa zote zinazowaka pamoja, najua wengi tunawasha tukiendesha kwa mvua, lakini aliye nyuma anashindwa kujua kama umesimama ama unatembea, na kwa gari nyingi ukizigusa indiketa haionekani tena. Ziache za kusimama. Na waendesha boda uwakumbuke, mvua ikianza wanakimbilia chini ya madaraja na kwa vituo vya mafuta, watu wanavuka mbio wamejifunika gunia ama mwavuli, hawakuoni na hawakusikii.

Ikifika ile hali nimesema, waipa spidi ya mwisho na huoni, toka barabarani kabisa. Si kusimama kwa ukingo wa lami na taa zimewaka, maana mwenye anakuja nyuma pia haoni na anaweza kufuata taa zako akidhani unatembea. Tafuta kituo cha mafuta, soko, lango la kiwanda cha chai, mahali magurudumu yote manne yameacha barabara. Usiegeshe chini ya ile mikaratusi mirefu ya upande wa Kericho, upepo wa mvua unavunja matawi na wakati mwingine mti mzima. Kule Kericho na Nandi Hills mvua ya mawe ni ya kawaida, na ikianza hakuna waipa duniani inaiweza, egesha, kaa mbali na kioo, ngoja. Kuna mama wa hoteli pale Chepseon, siku moja mawe yalipopungua nikaanza kutafuta funguo, akaniambia, "Baba, kaa kwanza, hiyo haijamaliza, inapumzika tu." Kweli ikarudi na nguvu zaidi. Wenyeji wanajua mvua yao, waulize.

Maji yanayovuka barabara ni hadithi ingine kabisa na hapa naomba usikie. Ukishuka kwa tambarare ya Kano, Ahero hadi Nyamasaria, mto Nyando ukijaa maji yanatawanyika hadi barabarani, na yanakuja ata kama Ahero hakujanyesha, juu mvua imepiga huko milimani. Maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuelesha gari ndogo, ya 60 yanabeba gari nyingi hadi zile kubwa za kujiamini. Na huoni kama lami iko bado huko chini ama imechukuliwa. Wengi tunakumbuka Desemba 2021, basi lilivyozama mto Enziu kule Kitui likiwa limebeba wanakwaya wakienda harusi, zaidi ya watu 30 wakafa, na watu walikuwa wamesimama pale ukingoni wakitazama. Kwa hivyo usiingie kwa sababu lori imepita. Lori ni nzito na iko juu, wewe hauko. Geuka, lala Awasi, pigia watu simu useme utachelewa.

Kama unaweza kuchagua saa, toka Nakuru asubuhi na mapema. Mvua ya Kericho na ile ya kuzunguka ziwa inapenda kuanza mchana ukigeuka hadi usiku, kwa hivyo mwenye kupita Kericho kabla ya saa sita mara nyingi anafika Kisumu na kioo kikavu. Kutoka Kisumu kwenda Kakamega vivyo hivyo, ule mlima wa Mamboleo hadi Kiboswa uupande mapema.

Abiria pia, tafadhali, si lazima unyamaze. Ukiwa umekaa mbele kwa matatu na uone waipa inaacha mistari na dereva anachungulia, mwambie kwa heshima, dereva wetu egesha kidogo, sisi tutangoja. Mara nyingi mmoja akisema wengine nyuma wanaunga mkono, na hata kondakta, mwenye alikuwa na haraka kuliko wote, anagonga mlango gari isimame.