Ejenti kafuta vipimo vya korosho, maelezo yangu yalikosa nini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Masasi, tunapima korosho za wakulima na vipimo vinaingia kwenye kompyuta yenye ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili), kila lisaa inapiga snapshoti yenyewe, yaani picha ya data ilivyo muda huo. Juzi faili la mkulima mmoja liliharibika, nikamwambia ejenti wa AI arudishe kama lilivyokuwa saa nne asubuhi, kumbe karudisha kila kitu! Vipimo vya mchana vyote vikapotea, na snapshoti zake pia hazipo. Tumechapa upya kutoka kwenye vikaratasi vya mizani mpaka usiku. Maelezo nilimwachia, yanasema "zfs rollback: hurudisha data kwenye snapshoti". Nilikosea wapi?

JIBU: Pole sana dada, na hongera kwa kutunza vile vikaratasi, bila hivyo sijui ungemwambia nini mtu aliyeshusha magunia yake pale mchana.

Kilichotokea nakiona kabisa. Rollback inakubali kurudi kwenye snapshoti ya mwisho tu, ukiitaka ya nyuma zaidi inakataa, halafu inakuandikia kwamba kuna snapshoti mpya zaidi na kama unataka kuzifuta kwa nguvu weka -r, na chini yake inakuorodheshea zitakazofutika. Wewe ungeiona ile orodha ukashtuka. Ejenti yeye kapewa kazi aimalize, kafika mlangoni kakuta mlango umefungwa na ufunguo umening'inizwa pembeni, kauchukua. Kwahiyo alisoma maelezo mawili, yako ya mstari mmoja na yale ya programu yenyewe wakati inakataa, akafuata yaliyomwambia la kufanya.

Ndo maana mimi nasema ukimwandikia ejenti usianze na jina la amri, anza na ombi linalotoka mdomoni kwa mtu pale ofisini. Hivi:

"Ukiambiwa urudishe faili moja, usitumie rollback. Nenda kwenye folda .zfs/snapshot, chagua snapshoti ya muda uliotajwa, nakili faili hilo tu, liweke pembeni kwa jina jipya, kisha mwonyeshe karani. Rollback inarudisha dataseti nzima, yaani faili zote zilizomo, na kila kilichoandikwa baada ya hapo kinapotea. Rollback ikikataa na kukutajia -r, simama, uliza."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo ingekuokoa juzi. Na folda ya .zfs lazima uitaje kwa jina, maana kwa kawaida imefichwa, hata amri ya kuorodhesha faili, ls -a, haiionyeshi, sasa ejenti ataijuaje kama hakuna aliyemwambia?

Halafu kuna hili la saa, naliona sana huku kwetu. Wewe ukisema saa nne asubuhi kompyuta inaandika 10:00. Siku ukiandika "saa 4" kwa tarakimu, ejenti anaweza kwenda kuchukua ya 04:00, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri, mizani haijafunguliwa hata. Weka kwenye maelezo kwamba karani anasema saa za Kiswahili, majina ya snapshoti yana saa za kompyuta, na ejenti ataje zote mbili kabla hajagusa kitu. Mwambie pia akiorodhesha snapshoti atumie zfs list -t snapshot -H, inatoa mistari ya snapshoti tu bila vichwa vya safu, hachanganyi.

Lakini dada, maandishi hayafungi mlango. Mtengenezee ejenti yuza wake, na kwa zfs allow mpe ruhusa ya kupiga snapshoti peke yake, rollback na destroy (amri ya kufuta) zibaki kwako. Na sudo, yaani uwezo wa msimamizi mkuu wa kompyuta, usimpe, ukimpa hiyo yote niliyosema hapa imekwisha. Snapshoti ya jioni mkishafunga mizani iwekee zfs hold, haifutiki mpaka mtu aiondolee hold kwanza. Ila zote hizo ziko kwenye diski ileile, diski ikifa zimekufa nazo, kwahiyo kila siku tuma nakala kwenye mashine nyingine kwa zfs send.

Kabla hujamrudisha kazini mjaribu. ZFS inakubali kutengeneza pool (ghala lake la data) juu ya faili la kawaida, GB 1 inatosha, weka humo vipimo vya uongo vya wakulima watatu, piga snapshoti nne tano, haribu faili moja kisha mwombe kwa maneno yaleyale uliyotumia juzi, usimrahisishie. Kwenye hiyo pool mwachie ruhusa zote, tunataka kuona maelezo peke yake yanamzuia au la. Akienda .zfs/snapshot sawa. Akikimbilia rollback nitumie maelezo yako yote pamoja na alichoandika yeye, tutaangalia ni mstari gani haujamwingia.