Kupunguza sukari kwa mtu anayezidiwa na hamu ya vitu vitamu jioni

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba unatia vijiko vinne vya sukari katika kila kikombe cha chai, kwamba unakunywa vikombe vitatu kwa siku, na kwamba kila unapoamua kuacha sukari kwa mpigo mmoja unastahimili mchana kutwa, lakini ikifika jioni unamaliza pakiti nzima ya biskuti. Umeuliza pia kama asali ingekuwa nafuu. Nakujibu kwa yale niliyoyapitia tangu daktari aliponionyesha kwamba sukari yangu ya damu kabla ya kula asubuhi ilikuwa imepanda kupita kawaida, ingawa haikuwa imefika milimoli 7.0 kwa lita, kiwango ambacho kikithibitishwa kwa kupima tena huhesabiwa kuwa ni kisukari. Nililolijifunza tangu hapo ni kwamba hamu ya jioni haishindwi jioni. Inatengenezwa tangu asubuhi, na huko ndiko kwa kuishughulikia.

Tuitazame kwanza hesabu ya chai yako. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takribani gramu 4 za sukari, kwa hiyo vijiko vinne mara vikombe vitatu ni vijiko 12, yaani gramu 48. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari tunayoiongeza katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati yote tunayoipata kwa siku, na unapendekeza ishuke chini ya asilimia 5 kwa manufaa zaidi. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, viwango hivyo ni gramu 50 na gramu 25. Chai peke yake, basi, inakukaribisha kwenye kikomo cha juu kabla hujagusa biskuti hata moja. Tena hiyo ni hesabu ya kijiko kilichosawazishwa. Chota sukari kama ulivyozoea, shikilia kijiko juu ya sahani, pitisha mgongo wa kisu juu yake, kisha utazame kinachoanguka. Kwangu mimi, kilichoanguka kilikaribia kujaza kijiko cha pili.

Ushauri wangu ni uanzie kwenye vinywaji, biskuti uziache kwanza. Sukari iliyoyeyushwa katika kinywaji hupita upesi tumboni na kuingia katika damu bila kuleta shibe ya maana, hivyo mtu hunywa na bado akala chakula chake chote kama kawaida. Kopo la soda la mililita 330 huwa na gramu 35 hivi za sukari, na glasi kubwa ya juisi ya matunda, hata ile isiyotiwa sukari, inaweza kuzidi gramu 20. Tunda zima ni jambo jingine kabisa, kwa sababu nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na kulitafuna huchukua muda na hushibisha.

Katika chai, punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, ukae hapo mpaka chai ionekane ya kawaida, ndipo upunguze tena. Najua wapo wanaosema ni bora kukata yote siku moja, na sibishani nao ikiwa wameweza, ila wewe umekwisha kujaribu njia hiyo na umeona inakofikia. Ulimi huzoea kiwango unachoupa. Miezi michache baadaye nilipewa chai yenye sukari kama niliyokuwa nikiinywa zamani, na ilinikinaisha kabla sijaimaliza. Mdalasini na tangawizi vilinisaidia sana katika wiki za mwanzo, kwa kuwa kikombe kilibaki na ladha ya kukitamanisha.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Usipunguze chai yenyewe wakati uleule unapopunguza sukari. Anayeacha ghafla chai, kahawa au soda zenye kafeini anaweza kupata maumivu ya kichwa, uchovu na hasira ndani ya siku moja au mbili, na hali hiyo ikaendelea kwa siku kadhaa. Wengi hudhani mwili unalilia sukari, wakarudia vitu vitamu, kumbe kinachowasumbua ni kafeini.

Sasa nije kwenye jioni. Kwa muda niliweka daftari dogo jikoni, na kila hamu iliponijia niliandika saa, nilichokula mara ya mwisho, na jinsi nilivyolala usiku uliotangulia. Sikuandika kingine. Daftari lilinionyesha mpangilio ambao nisingeuona kwa kufikiri tu: siku nilizokula mkate mweupe na chai mchana, hamu ilianza saa kumi alasiri na ikazidi hadi usiku, siku nilizokula maharage, mayai au samaki pamoja na mboga, ilikuja kwa mbali au haikuja kabisa. Wanga uliokobolewa humeng'enywa upesi, sukari ya damu hupanda kwa kasi, kongosho humwaga kwa wingi insulini, homoni inayoishusha sukari hiyo, na kwa baadhi ya watu sukari hiyo hushuka tena haraka na njaa ikarudi mapema. Protini na nyuzinyuzi huchelewesha mwendo huo wote. Kwa hiyo siku utakapobanwa na hamu jioni, usijilaumu kwa udhaifu wa moyo. Jiulize kwanza mchana ulikula nini, au kama ulikula.

Usingizi nao ulionekana wazi katika kurasa zile. Mtu asiyelala vya kutosha, homoni ya ghrelini inayoleta njaa huelekea kupanda, na leptini inayoleta shibe huelekea kushuka, naye hutamani hasa vitu vitamu na vya mafuta. Ukilala kwa muda wa saa nne tu kisha ukategemea nia peke yake, unajitwisha mzigo usio wa lazima.

Pamoja na maandalizi hayo, hamu itakuja siku nyingine, na unahitaji la kufanya saa ileile. Hamu ni kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka hata usipoipa inachotaka. Mimi hunywa glasi ya maji, huondoka jikoni, na hufanya kazi ya mikono kwa dakika 15 au 20. Kupiga mswaki mara baada ya chakula cha usiku kumenisaidia kuliko nilivyotarajia, maana kinywa kikishakuwa safi mtu husita kukichafua tena. Dakika hizo zikipita na bado unataka kitu kitamu, kula tunda pamoja na karanga chache. Na ikiwa ni biskuti tu unayoitaka, basi toa mbili, ziweke kwenye sahani, irudishe pakiti kabatini, ukae ule polepole. Pakiti iliyofunguliwa na kushikwa mkononi huisha bila mtu kuamua kuimaliza, na ndiyo sababu naona ni afadhali zaidi isinunuliwe kabisa katika miezi ya mwanzo, ikiwa watu wa nyumbani wataafiki.

Kuhusu asali, jibu ni hapana. Sehemu kubwa ya asali, takribani asilimia 80, ni sukari, na kwa kuwa ni nzito, kijiko cha chai cha asali hubeba sukari nyingi kuliko kijiko kilichosawazishwa cha sukari ya kawaida. Sukari ya kahawia nayo haina tofauti ya maana. Vitamushi visivyo na sukari vinaweza kukupunguzia kalori, lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, ushauri usiowahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mimi sivitumii, kwa sababu nataka ulimi ushuke kutoka kwenye utamu mwingi, navyo vinauacha palepale.

Unaponunua vyakula vya pakiti, soma orodha ya viungo. Hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, na sukari huweza kuandikwa kwa majina mengi, kama sukrosi, glukosi, dekstrosi, maltosi au sharubati ya mahindi. Tazama pia kama gramu zilizoandikwa ni za pakiti nzima au za kipimo kimoja tu.

Hukusema kama unatumia dawa zozote, nami nakusihi ulifikirie hili kabla ya kuanza. Ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, zungumza na daktari kwanza, kwani dozi iliyopangwa kwa ulaji wako wa zamani inaweza kuishusha sukari kupita kiasi ukishapunguza. Jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa ni dalili za kushuka huko, wala si hamu ya kuvumiliwa kwa dakika 20. Pima ikiwa una kipimo, na ikiwa iko chini ya milimoli 4 kwa lita chukua mara moja gramu 15 za sukari ya haraka, kwa mfano vijiko vinne vya sukari katika maji, kisha upime tena baada ya dakika 15 na urudie ikiwa haijapanda.