Jua umbali kabla hujavuta upinde

Vijana wanaokuja kulenga shabaha shambani kwetu, nje kidogo ya mji wa Malindi, huanza kwa kuniuliza habari za upinde na mishale. Mimi huwarudisha kwenye umbali, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Chukua mshale unaokwenda mita 50 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa upinde wa mbao. Ukidhani shabaha iko mita 30, kumbe iko 25, mshale utapita juu kwa takriban sentimita 25. Nilipoishi Pennsylvania, Marekani, niliwinda kulungu kwa leseni, na sehemu yake yenye moyo na mapafu haizidi upana huo. Kosa la mita tano tu, mnyama akijeruhiwa atakimbia kwenda kufia mbali kwa mateso. Hilo silikubali kabisa.

Basi usingoje mnyama atokee ndipo ukisie. Ukifika mahali pa kuvizia, chagua kisiki hiki, jiwe lile, mti ule; pima kwa leza au kwa hatua, ukariri. Akipita karibu na kisiki, jibu unalo tayari. Ukiwa juu ya mti, hesabu umbali wa usawa wa ardhi, si ule wa mshazari: aliye mita 20 kutoka kwako, chini kwa nyuzi 45, mlenge kama yuko mita 14.

Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, nasi twalenga magunia yaliyojazwa makumbi. Lakini jicho hufunzwa popote. Ukienda sokoni, chagua mnazi mbele yako, kisia, kisha hesabu hatua. Ukishindwa, tafuta nusu ya njia, ikadirie hiyo, uzidishe mara mbili. Ufukweni, mchanga mtupu huvuta shabaha ionekane karibu. Chini ya mikorosho yenye kivuli kizito huonekana mbali kuliko ilivyo. Wala usitegemee ukubwa wa mnyama, kwani mtoto aliye karibu hufanana na mkubwa aliye mbali. Tazama ardhi iliyo kati yenu.

Wawaata wa bara ya Malindi, waliokuwa wakiwinda ndovu kwa upinde, walinyemelea mpaka karibu sana, na pinde zao zilikuwa na nguvu kuliko zetu. Nawe jiwekee mpaka. Nilipokuwa nawinda, wangu ulikuwa mita 20. Kulungu aliposimama mita 28, nilimwacha apite.