Walimu Wametoka Semina, Darasa Limebaki Vilevile

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali. Kila mwaka walimu wangu hupelekwa semina na kurudi na vyeti, lakini wanafunzi wengi wa darasa la tatu bado hawawezi kusoma sentensi fupi. Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuongeza mishahara. Je, tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu mkuu, kasoro uliyoieleza haiko kwa walimu wako bali katika namna wanavyofunzwa. Semina humpa mwalimu maelezo, ilhali kumfundisha mtoto kusoma ni ustadi, na ustadi haushiki mpaka mtu ajaribu, akosee, na arekebishwe na mjuzi aliyemwona akifanya.

Afrika Kusini ililipima jambo hili kuanzia 2015, katika ufundishaji wa kusoma Kitswana. Makundi mawili ya shule yalipewa maandalio ya masomo na vitabu vya aina moja. Walimu wa kundi la kwanza waliitwa mafunzoni mara mbili kwa mwaka, na wa kundi la pili walitembelewa darasani kila mwezi na mkufunzi. Baada ya miaka miwili, maendeleo ya wanafunzi wa kundi la pili yalikuwa takribani maradufu ya yale ya wenzao. Kenya nayo, katika programu ya Tusome, ilituma maafisa wa kusaidia mtaala wakiwa na vishikwambi, wawasikilize watoto wakisoma kisha waketi na mwalimu.

Kuhusu mishahara, mwalimu anastahili ujira wa heshima, nami nitalitetea hilo daima. Hata hivyo, Indonesia iliwapa walimu waliopata cheti cha kuthibitishwa kitaaluma posho iliyolingana na mshahara wao wa msingi, na watafiti wakakuta walimu wameridhika zaidi huku alama za wanafunzi hazijapanda.

Kilicho mikononi mwako ni hiki: msikilize kila mtoto wa darasa la tatu akisoma peke yake, kuanzia herufi, neno, sentensi hadi aya. Kisha, kwa muda maalumu kila siku, wapange watoto kwa kiwango walichofikia bila kujali darasa, kama shirika la Pratham lilivyofanya India. Ingia darasani mara kwa mara bila fomu ya ukaguzi, kwa sababu mwalimu anayehofia ripoti huficha hasa pale anapohitaji msaada. Baada ya kila ziara, mpe jambo moja tu la kurekebisha, nawe urudi wiki inayofuata kuliangalia hilohilo.